Fundi Asiyeiona Meza Yako

Ombi la msaada katika vikundi vya wapenzi wa elektroniki mara nyingi huja kwa mtindo mmoja. "Wakuu, msimbo wangu haufanyi kazi, naombeni msaada." Chini yake hubandikwa programu nzima, mistari mia mbili au mia tatu, pengine ikiwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kivuli cha kidole pembeni. Kisha mwombaji anasubiri. Baada ya saa kadhaa anapata jibu moja, nalo si jibu bali swali: "Unatumia bodi gani?" Akishajibu, anaulizwa jingine: "Umeme unautoa wapi?" Hapo huanza kukereka. Yeye ameuliza habari za msimbo, watu wanamhoji habari za betri na waya. Wengine huondoka wakiamini kwamba wakongwe wa kikundi wanaringia ujuzi wao. Leo nataka kuwatetea hao wanaohoji, ingawa sitatetea kila namna wanavyohoji. Hoja yangu ni kwamba katika miradi hii hakuna tatizo linaloweza kuitwa la msimbo mpaka waya na umeme vithibitike kuwa havina hatia. Anayeleta msimbo peke yake ameshatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa, na mara nyingi amemtia hatiani asiyehusika.

Chukua mradi unaopendwa sana na wanafunzi: mfumo wa kumwagilia bustani. Kuna bodi ya Arduino Uno, kihisi cha unyevu kilichochomekwa kwenye udongo, rilei ya kuwasha na kuzima pampu ndogo ya maji, na kioo kidogo cha kuonyesha maandishi. Programu yenyewe haina makuu: soma unyevu, ukishuka chini ya kiwango fulani washa pampu, ukipanda izime. Mwanafunzi anaipakia kwenye bodi, pampu inanguruma, maji yanatoka, furaha tele. Pampu inapozimika, kioo kinajaa herufi za ajabu, au bodi inaanza upya kana kwamba mtu kaichomoa na kuirudisha. Mwanafunzi anaipekua programu mstari kwa mstari, anabadilisha hiki, anafuta kile, na ugonjwa uko palepale. Kumbe mota ya pampu ina koili ndani yake, na koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha nyuma msukumo mkali wa volti, ambao hupenya kwenye nyaya za jirani na kuivuruga bodi. Dawa yake ni diodi moja ya bei ndogo, iliyofungwa kinyume kwenye ncha za mota, pamoja na kuipa pampu chanzo chake chenyewe cha umeme. Mhandisi wa programu aliyebobea, akipewa ile mistari mia mbili bila mchoro wa waya, angesema kwa haki kabisa kwamba haina kosa. Na angekuwa hajasaidia kitu.

Mifano ya aina hiyo ni mingi kiasi kwamba anayejibu maswali haya kwa muda huanza kuitambua kwa harufu. Mota ndogo ya servo ikichomekwa kwenye pini ya volti 5 ya bodi inayolishwa na kompyuta, inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mkondo mkubwa kuliko uliokusudiwa. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 tu. Volti zinashuka, bodi inazirai, programu inaanza tena kutoka juu, na mwenye mradi anaandika kwamba msimbo wake "unajirudia wenyewe". Pini ya kitufe isiyo na rezista ya kuishikilia husoma moja na sifuri ovyo ovyo hata kitufe kisipoguswa. Vifaa viwili vyenye vyanzo tofauti vya umeme, ambavyo pini zake za GND, yaani ardhi ya umeme, hazikuunganishwa pamoja, haviwezi kuelewana hata programu ingeandikwa na malaika. Halafu kuna ile kebo iliyotengenezwa kwa kuchaji simu tu, isiyo na nyaya za kupitisha data, inayowafanya watu wafute na kusakinisha upya programu za kompyuta usiku kucha.

Hata pale kosa linapokuwa kweli ndani ya msimbo, bado msimbo huo hausomeki bila kuijua bodi. Kwenye Arduino Uno, namba iliyotangazwa kwa neno int huishia 32,767. Ukiongeza moja inageuka kuwa hasi. Mtu akihifadhi humo muda unaohesabiwa kwa milisekunde, mradi wake utakwenda vizuri kwa nusu dakika hivi, halafu utapotea akili. Msimbo huohuo ukihamishiwa kwenye bodi ya ESP32, int inabeba namba kubwa zaidi kwa mbali, na kosa halionekani haraka hivyo. Vivyo hivyo kihisi kinachosomwa kwa pini ya analogi: Uno hutoa namba kati ya 0 na 1023, ESP32 kwa kawaida kati ya 0 na 4095. Sharti lililoandikwa "ikizidi 700 washa taa" ni sahihi kwenye bodi moja na ni upuuzi kwenye nyingine. Kwa hiyo yule anayeuliza "unatumia bodi gani" hapotezi muda wa mtu. Ameomba kitu ambacho bila hicho mistari iliyobandikwa haina maana moja iliyokamilika.

Tumefikaje basi mahali pa kudhani kwamba kila kosa ni la msimbo? Nadhani lawama kiasi fulani ni ya ufanisi wa bodi zenyewe. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, kwenye chuo cha usanifu ambacho wanafunzi wake hawakuwa wahandisi. Waanzilishi wake, Massimo Banzi na wenzake, walitaka bodi ya bei nafuu ambayo msanii au mbunifu angeitumia bila kusomea umeme kwanza, na walijenga juu ya kazi ya mwanafunzi wa hapohapo kutoka Kolombia, Hernando Barragán, aliyeuanza mfumo wa Wiring mwaka 2003 kwa ajili ya tasnifu yake. Kabla ya hapo, kupakia programu kwenye mikrokontrola kwa kawaida kulihitaji kifaa maalumu na usomaji mrefu wa nyaraka za kiwandani. Baada ya hapo ikawa kebo moja na kitufe kimoja kwenye skrini. Mwaka 2014 ikaja ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ikiwa na Wi-Fi ndani yake. Januari 2021 ikaja Raspberry Pi Pico kwa dola 4. Umeme ulifichwa hatua kwa hatua, na huo ni wema mkubwa, kwa sababu ndio uliomwezesha kijana anayenunua vifaa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kuwasha taa siku ileile. Lakini kilichofichwa hakijaondoka. ESP8266 inatumia volti 3.3, na kihisi cha umbali cha HC-SR04 kikilishwa volti 5 hurudisha ishara ya volti 5. Anayeviunganisha moja kwa moja anaitesa pini kwa namna ambayo haitaandikwa popote kwenye skrini. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, itamwambia kwamba kila kitu ni shwari.

Watu wa elektroniki ya ridhaa walikutana na tatizo hili la kusaidiana bila kuonana muda mrefu kabla ya Arduino. Wanaredio wa ridhaa, wale wanaojenga mitambo yao wenyewe na kuzungumza na wenzao ng'ambo ya bahari, walihitaji kuambizana jinsi ishara inavyofika. Kusema "nakusikia vibaya" hakukumsaidia aliyeko upande wa pili, kwa kuwa hajui kama ubaya ni wa mtambo wake, wa antena, wa anga au wa masikio ya msikilizaji. Ndipo katika miaka ya 1930 ukaingia utaratibu wa RST: namba ya kwanza, kati ya 1 na 5, inasema maneno yanaeleweka kiasi gani, ya pili, kati ya 1 na 9, ni nguvu ya ishara, ya tatu, nayo kati ya 1 na 9, ni usafi wa mlio wa Morse. Wanazo pia herufi za kutenganisha kelele zinazosababishwa na watu wengine hewani, QRM, na kelele za radi na anga, QRN. Ninachokipenda katika zile namba tatu ni kwamba zinataja kilichosikika tu. Hazikisii sababu. Mpokeaji wa taarifa akiambiwa nguvu ni 9 lakini mlio ni 4, anajua aangalie chanzo chake cha umeme wala asipande juu ya paa kugeuza antena. Utaratibu huo ulidumu kwa sababu mwenye mtambo alipata ushahidi anaoweza kuufanyia kazi, na mtoa taarifa hakulazimika kuwa mtaalamu kuliko yeye.

Swali zuri la mradi wa leo linahitaji nidhamu hiyohiyo. Taja bodi na vifaa kwa majina yaliyoandikwa juu yake, mchoro wa waya hata kama ni wa kalamu kwenye daftari, chanzo cha umeme, msimbo ukiwa maandishi yanayoweza kunakiliwa, na ujumbe wa kosa kama ulivyo, si kwa muhtasari. Juu ya yote, sema ulitarajia nini na umeona nini badala yake. Hayo husemwa kila mahali, sitayakariri zaidi. Kinachosemwa mara chache ni thamani ya kupunguza. Kabla ya kuuliza, mwenye mradi atoe kila kisichohusika: kama tatizo ni kioo, aondoe kihisi, aondoe pampu, abakishe kioo na mistari kumi ya kukiwasha. Kioo kikifanya kazi, tayari amejifunza kwamba mchawi yuko kwenye vile alivyovitoa, na atavirudisha kimoja kimoja mpaka ampate. Kisipofanya kazi, sasa ana swali dogo ambalo mgeni anaweza kulijaribu mezani kwake kwa dakika tano. Mara nyingi kazi hiyo humaliza tatizo kabla swali halijatumwa.

Kueleza lengo kuna uzito wake pia, maana watu hupenda kuuliza juu ya njia waliyokwishaichagua. Mtu anauliza: "Nawezaje kuendesha programu mbili kwa wakati mmoja kwenye Uno?" Akijibiwa kama alivyouliza, ataelekezwa kwenye mambo mazito yasiyomfaa. Akisema anachotaka, kwamba taa iendelee kumetameta huku kitufe kikisikilizwa, wanaoijua Arduino watacheka kidogo na kumwambia aache amri ya delay, ambayo huisimamisha programu isifanye kingine chochote, badala yake aulize saa ya ndani kwa millis na kuendelea na shughuli nyingine.

Sasa yako mapingamizi, na la kwanza ni zito. Inasemwa kwamba madai haya ni fimbo ya kuwapigia wageni. Si uongo. Mwaka 2001 Mmarekani Eric Raymond alichapisha mwongozo wa namna ya kuuliza maswali ya kiufundi, ulioenea dunia nzima. Mengi aliyoyashauri ni ya busara, ila lugha yake inawadharau wasiojua, na wasomaji wengi waliiga dharau wakaacha busara. Mwaka 2018 wenye Stack Overflow, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2008 kwa maswali ya programu, walikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wageni na wale wa makundi yaliyotengwa, hawajisikii kukaribishwa pale. Kwa hiyo sidai kwamba wajibu ni wa muulizaji tu. Mkongwe anayeandika "soma mwongozo kwanza" na kuondoka hakuomba ushahidi wowote, amefukuza mtu. Anayeandika "naomba picha ya nyaya zako, upande wa GND uonekane vizuri" ameomba. Tofauti kati yao haiko kwenye ukali wa viwango, maana wa pili anataka mengi zaidi. Na kama mgeni ameleta swali pungufu, aombwe kitu kimoja kwa wakati, kile ambacho kingegawa uwezekano mara mbili, badala ya kutwishwa orodha nzima ya masharti.

Pingamizi la pili linasema: mgeni hajui kipi ni muhimu, angejua asingeuliza. Hoja hii ina sura ya huruma, lakini inamdharau mgeni kuliko inavyomsaidia. Kueleza hakuhitaji kujua sababu. Mtu asiyejua chochote kuhusu mikrokontrola anaweza kuona kwamba taa ya bodi inafifia pampu inapowaka, kwamba kipande fulani kinapata moto, kwamba tatizo huanza baada ya nusu dakika na si mara moja. Hayo matatu niliyoyataja ni dalili zenye thamani kuliko programu nzima iliyobandikwa. Multimita ya bei rahisi ikiwapo, hata namba ya volti ataisoma. Kinachomzuia ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa macho yake ni chombo cha kazi hiyo.

Siku hizi limezuka la tatu: ya nini kusumbuana na watu wakati kuna programu za akili unde zinazoandika msimbo kwa sekunde? Sizipingi. Zinaeleza ujumbe wa kosa kwa upole, hazichoki, na unaweza kuziuliza kwa Kiswahili. Lakini nazo haziioni meza. Ukiziambia "msimbo wa pampu haufanyi kazi" zitakupa msimbo mwingine, na mwingine, zikiwa na uhakika uleule kila mara, kwa sababu umeziomba msimbo; diodi iliyokosekana haimo katika ulichokiandika. Desemba 2022 haohao Stack Overflow walipiga marufuku majibu ya ChatGPT, wakieleza kwamba mengi hayakuwa sahihi ilhali yalionekana ya kuaminika. Zana hizo zimeboreka tangu hapo. Hata hivyo binadamu aliyewahi kuchoma bodi yake ana tabia moja yenye manufaa: akisikia neno pampu huuliza umeme unatoka wapi kabla hajagusa mistari.

Gharama ya data na kizuizi cha Kiingereza ni mapingamizi ya kweli pia, ila yanapungua swali likiwa dogo. Picha mbili na mistari kumi ni nyepesi kuliko video ya dakika tatu inayotikisika, na majina ya bodi, namba za volti na mchoro havina lugha.

Liko jambo la vikundi vyetu wenyewe linalonisumbua zaidi ya hayo yote. Vingi viko WhatsApp au Telegramu, na desturi imekuwa kuvutana pembeni: "njoo inbox nikuelekeze." Anayesema hivyo ana roho nzuri, pengine anamsitiri mwenzake aibu. Matokeo yake ni kwamba ufumbuzi unabaki kwa watu wawili, na wiki ijayo mwingine anauliza tatizo lilelile la kioo kilichojaa herufi, na mkongwe yuleyule, ambaye halipwi hata senti, anaanza upya. Mbaya zaidi ni muulizaji anayepona na kunyamaza. Kikundi kimemwambia ajaribu diodi, abadilishe kebo, atenge umeme. Kimojawapo kimemsaidia, naye ameendelea na maisha. Hakuna atakayejua ni kipi. Sentensi moja ya kurudi, "ilikuwa ni diodi, msimbo sikuugusa," ni malipo ambayo anayejitolea anayastahili, na ni kumbukumbu ambayo kikundi hakiwezi kuipata kwingine.

Ndiyo maana ningependa walimu wa klabu za shule, vyuo vya ufundi na karakana za vijana walipe swali alama zake, kama wanavyoipa saketi inayowaka. Siku nzima ya mafunzo hupita wanafunzi wakinakili saketi ambazo mwalimu amekwisha kuhakikisha zinafanya kazi. Siku wanayokutana na isiyofanya kazi wako peke yao nyumbani. Zoezi lenyewe ni rahisi kuandaa. Mwalimu afunge taa moja na kitufe kimoja, aweke waya mmoja uliokatika ndani ya plastiki yake, programu aiache bila kosa lolote. Kila mwanafunzi apewe karatasi aandike ombi la msaada kwa fundi aliye mji mwingine, kisha karatasi zibadilishwe, na wenzao wajaribu kutafuta ugonjwa kwa kusoma tu, bila kuikaribia meza. Aliyeandika "msimbo haufanyi kazi" arudishiwe karatasi yake, aende akaitazame tena saketi.